Moniteri na Mishumaa ya Ziwa

Katika miaka yote niliyomfahamu Moniteri sikumwona amekaa. Nilimwona amesimama, ameegemea ukuta, amechuchumaa kwenye ukingo wa mtumbwi, hata amepanda juu ya kreti za bia ili aone mbali, lakini kukaa kitini kama watu wengine, hapana. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Nyumbani mkewe alimpakulia ugali na sombe ya majani ya muhogo, naye akala akiizunguka meza, sahani mkononi, huku akieleza jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Pikipiki za kukodi hakupanda kwa sababu hiyo hiyo, maana pikipiki inakulazimisha ukae. Mji mzima aliupiga kwa miguu, katika viatu vya ngozi vilivyong'aa, na vumbi jeusi la volkano lilimkosa sijui kwa dawa gani.

"Nikae nifanye nini?" alisema ukimvutia kiti. "Kwa kaburi tutalala mingi."

Tulimwita Moniteri kwa sababu alifundisha watu kuzamia. Nasema kuzamia hasa, na mtungi wa hewa mgongoni, miwani ya maji usoni na mapezi ya mpira miguuni, katika Ziwa Kivu letu hili. Watu wa Goma wanalijua ziwa kwa sambaza, wale samaki wadogo, kwa kufua nguo na kwa meli za Bukavu. Habari ya mtu kujifunga chuma mgongoni, akashuka kutazama mawe, akapanda tena bila hata samaki mmoja, iliwavunja mbavu. Wateja wake wengi walikuwa wageni, madaktari na wahandisi waliochoshwa na kazi, na vijana wachache wa mjini waliotaka picha.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya programu ya simu. Nilikuwa na chumba kimoja Birere, juu ya duka la sementi, na hadi siku hiyo nilikuwa nimetengeneza programu ya duka la dawa na nyingine ya kwaya iliyogombana kabla haijaanza kuitumia. Moniteri aliingia bila kubisha, akaenda dirishani, akarudi mlangoni, akaenda dirishani tena.

"Mama Injenieri," akasema, "mi niko na aplikasiyo. Iko hapa kwa kichwa. Wewe uko na kazi ya kuitosha inje tu."

Alichokuwa nacho kichwani kilikuwa kizuri, lazima niseme. Kila mgeni aliyetaka kuzamia alimwuliza maswali yale yale: mahali gani panafaa, kina chake ni kiasi gani, unaingilia wapi, maji yanaonekana mpaka wapi. Wakitafuta simuni hawakupata chochote cha Kivu, au walipata mambo ya baharini. Na Kivu si bahari. Liko juu milimani, kwa hiyo hata mahesabu ya kupanda kutoka chini yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari hayafai huku. Moniteri alitaka kila mahali pawe na ukurasa wake, na kila aliyezamia pale aandike alichokiona, ili anayekuja nyuma achunguze kabla hajalowa.

Nikasema hilo ni jambo rahisi. Nilikuwa nimeona programu za hoteli na mikahawa. Nikachora kurasa, nikaweka picha, ramani, na chini ya kila jina nikapanga nyota. Moniteri alipoziona aliacha kutembea. Kutulia kwake kulikuwa jambo kubwa.

"Hii nini?"

"Nyota, Papa Moniteri. Mutu akitoka kwa maji anatoa nyota. Moja ni mubaya, tano ni muzuri sana."

"Nyota ya lini?"

"Ya lini vipi?"

"Ya leo ao ya mwaka jana?"

"Zinabaki tu, Papa. Zinajumlishwa."

"Zinabaki!" Akaanza tena kwenda na kurudi, sasa kwa kasi. "Ziwa yenyewe haibaki, nyota ibaki? Mutu alitoa tano mwezi ule. Leo asubuhi mazuku iko pale. Mutoto wa watu anaona tano, anaingia. Wewe utaenda kumuzika?"

Mazuku ni ile hewa nzito inayotoka ardhini kwetu, haina rangi wala harufu. Inalala mabondeni na kando ya ziwa, hasa alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Mbuzi anaingia humo hatoki. Kila mtoto wa Goma anaijua, nami naijua, ila sikuwa nimewahi kuifikiria kwa upande wa mzamiaji. Huyo akiwa chini yuko salama, kwa kuwa anavuta hewa ya mtungi. Hatari iko juu. Anatokeza kichwa, anafurahi, anatoa kidomo cha kupumulia ili aseme jinsi alivyoona, na pumzi ile ya kwanza ndiyo inayomlaza.

Moniteri alitoa mfukoni kipande cha mshumaa, buji kama tunavyouita, na kibiriti cha gesi, akaviweka juu ya karatasi yangu, katikati ya nyota. Mshumaa ulikuwa chombo chake cha kazi. Kabla mtu yeyote hajatokeza kichwa, mwenye mtumbwi alisukuma juu ya maji kidumu kilichokatwa nusu, kimefungwa kamba, na ndani yake mshumaa unaowaka. Mwali ukisimama, anagonga chuma na wazamiaji wanapanda. Mwali ukifa, hagongi, nao wanabaki na vidomo vyao mdomoni mpaka wahamie penye upepo.

"Na upepo ukiizima?" niliuliza.

"Upepo inapigana na buji. Mazuku haipigani. Buji inasinzia tu, inalala."

Basi nyota zikatupwa, ukaja mshumaa. Kila mahali pa kuzamia pakawa na mshumaa mdogo kwenye ramani. Anauwasha mtu aliyesimama pale pale siku hiyo, baada ya kupima kwa moto wa kweli, na jua likizama unazimika wenyewe hata kama hakuna aliyelalamika. Maoni ya wazamiaji yalibaki, lakini yalikuwa ya kusimulia tu. Nilimwambia wageni wataamka, wataona ramani nzima ina giza, watadhani programu imeharibika.

"Waone giza," akasema. "Giza haidanganye mutu."

Nikakubali kwa shingo upande. Leo ndicho kitu ninachojivunia kuliko vyote nilivyotengeneza, na sikukibuni mimi.

Msidhani ninamchora mtakatifu. Alikuwa mtu wa makuu. Kina alichofika kiliongezeka kila alipokisimulia, na mbele ya wanawake kiliongezeka zaidi. Wiki ya kwanza ya programu yetu yalitokea maoni ya kuisifu mno "kazi ya moniteri hodari, mpole na mwenye sura ya kupendeza," na chini yake jina la mkewe. Mkewe hajui kuogelea, na simu yake ilikuwa ya vibonye. Nilipomwuliza hakuona haya hata kidogo. Alisema mkewe ndiye angeandika hivyo kama angejua kuandika hivyo.

Kuogelea juu ya maji alikuona ni kazi ya bata. Samaki hakula, alisema huwezi kumtembelea mtu kwake asubuhi ukamla jioni. Na mdomo wake ulipochoka, jambo la nadra, alisema kwa mikono, kwa zile ishara wanazotumia chini ya maji. Kidole gumba na cha shahada vikikutana, maana yake mambo sawa. Ngumi ikiinuliwa, simama hapo hapo ulipo. Alimpa mkewe ngumi sokoni, akawapa ngumi wanakwaya walioanza wimbo mapema, na mimi nilipewa ngumi mara nyingi katikati ya sentensi, jambo lililonichoma kila mara.

Tuligombana kuhusu majina. Wageni walitaka kupaita Ukuta wa Lava mahali ambapo lava ile kubwa, iliyoukata mji katikati na kuzika mitaa, iliingia ziwani ikagandia humo. Moniteri alikataa katakata. Mahali pale paliitwa Kwa Kinyozi, maana pwani pale palikuwa na kibanda cha kinyozi wake kabla moto haujapita. "Lava ilichukua nyumba," alisema. "Jina haikuchukua." Kwa hiyo mpaka leo mgeni anayefungua programu anasoma kwamba Kwa Kinyozi kuna ukuta mweusi unaoshuka wima, wenye mapango, na anajiuliza kinyozi anafanya nini majini.

Volkano yenyewe alikuwa nayo kama jirani mkorofi. Ilipotoka mara ya pili, usiku wa kelele na mbingu nyekundu, sisi wengine tulikuwa barabarani na magodoro kichwani tukikimbilia Sake, na yeye alikuwa akipanda kwa miguu kuelekea Kibati, upande ule ule wa moto, ili aone lava imesimama wapi. Alirudi soli za viatu vyake vya kanisani zimeyeyuka. Mkewe alimkasirikia siku nyingi, kwanza kwa ajili ya roho yake, kisha kwa ajili ya viatu. Matetemeko yalipoendelea, Moniteri alitembea ufuko mzima na mshumaa wake, akarudi ofisini kwangu na habari moja tu: hakuna pa kuwasha. Ramani yetu ilikaa na giza kwa muda mrefu, na hakuna aliyesema programu imeharibika.

Lakini kisa ambacho mtaa wake ulikipenda kuliko vyote ni cha waasi wa kwanza, kabla sijamfahamu. Waasi walikuwa wanashuka kuelekea mjini na kila mtu alikuwa anaficha mali. Watu walizika redio chini ya migomba, wakatia fedha kwenye magunia ya maharagwe. Moniteri akawaza kama mzamiaji. Mwizi gani atafika chini ya ziwa? Akachukua mitungi yake yote ya hewa, akaifunga kamba na mawe, akaizamisha mbali na ufuko. Jirani yake fundi cherehani alipoona akili hiyo, akaleta cherehani yake, nayo ikafungwa kwenye turubai ikashushwa. Waasi wakaingia, wakapora walichopora, siku zikapita, wakaondoka. Moniteri akaenda pwani akiwa amejaa ushindi, akavaa miwani, akavaa mapezi, akanyoosha mkono achukue mtungi wa kushukia.

Mitungi yote ilikuwa chini.

Wanasema alisimama pale na mapezi yake mpaka mvua ikamkuta. Mwisho alilikumbatia jiwe, akavuta pumzi, akashuka nalo, akapanda mtupu, akashuka tena, mpaka akashika kamba ya mtungi mmoja. Siku hiyo sikio lake la kushoto lilipasuka na halikupona sawasawa. Cherehani haikupandishwa kamwe, kamba ilikuwa imekatika. Iko kule mpaka leo, na mahali pale katika programu panaitwa Cherehani. Daktari mmoja mgeni alipiga picha yake, turubai limeshaoza, imesimama wima juu ya meza yake, samaki wadogo wanapita pale pa sindano. Moniteri alinipeleka nikamwonyeshe fundi. Fundi aliishika simu kwa muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole.

"Mukanda bado iko," akasema, akanirudishia simu yangu.

Toka hapo, kila ukisikika mlio wa bunduki upande wa milima, majirani, walioiita mitungi ile chupa, walimwita kwa sauti juu ya ua: "Moniteri, chupa zako ziko wapi?" Naye alicheka kuliko wao.

Jambo moja hakulicheka. Tulipofika kwenye swali la nani awe na haki ya kuwasha mshumaa katika programu, alisema yeye. Nikauliza na nani mwingine. Akasema yeye. Programu ikafungwa kwa kidole gumba chake tu. Nililiona ni wazimu. Ufuko ni mrefu, mtu ni mmoja, na hapandi hata pikipiki. Nilimwambia kuna wavuvi, kuna wenye mitumbwi, kuna akina mama wa soko la Kituku wanaouza samaki pale ufukoni tangu alfajiri, tuwafundishe.

"Apana."

"Na siku ukigonjwa, Papa?"

"Sitagonjwa."

"Na siku waasi wakifunga barabara?"

"Nitapita ndani ya maji."

Nikaja juu. Nikamwambia anajifanya mwenye ziwa. Akainua ngumi, nikanyamaza kwa hasira, na hapo ndipo aliponieleza, akiwa amenipa mgongo, anatazama magunia ya sementi yakipakuliwa chini. Mwanafunzi wake wa kwanza kabisa, muuguzi mmoja, alitokeza kichwa asubuhi moja ya utulivu. Mshumaa ulikuwa na mtu mwingine mtumbwini, mtu aliyetazama upesi upesi na kusema uko sawa.

"Alitoka kwa maji muzima," Moniteri akasema. "Akatosha kidomo, akanichekea. Alikuwa anataka kuniambia kitu. Akalala." Akanigeukia. "Siamini jicho ya mutu mwingine, Mama Injenieri. Hata yangu naiamini nusu."

Baada ya hapo sikumsumbua tena. Lakini sikutulia. Nilijua kwamba ramani yetu yote inategemea miguu ya mzee mmoja, na mji wetu si mji wa kutegemea barabara.

Waasi walikaribia tena. Safari hii walikuja polepole, mwezi baada ya mwezi, na watu wa Masisi na Rutshuru wakaja mbele yao, na mbuzi wao, na watoto wao, na godoro moja kwa familia nzima. Waliojenga vibanda vya turubai juu ya mawe ya lava walienea mpaka karibu na maji. Wageni waliondoka. Hakuna aliyezamia. Mimi nikadhani programu imekufa, na nikaifungua siku moja nione kama inafaa kuizima kabisa. Nikakuta ukurasa wa Kituku unafunguliwa kila alfajiri, na watu wengi kuliko wakati wowote wa wazamiaji. Nikajua kuna hitilafu. Nikashuka Kituku kuitafuta.

Hitilafu haikuwepo. Nilimkuta Mama Neema, muuza sambaza mwenye sauti ya kuvuka ziwa, ameshika simu yenye kioo kilichopasuka, na mbele yake akina mama wa kambini na vidumu vyao wamesimama wanangoja.

"Tunaangaliaka buji," akanieleza kama jambo la kawaida. "Ikiwaka, tunaachilia batoto bachote maji. Kama haiwake, tunangoja muzee."

Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Moniteri alikuwa anajua, na alikuwa amejaa majivuno mpaka shati linambana. "Umeona?" aliniambia. "Tuko na bateja bapya. Hawana hata mapezi." Alikuwa anatoka kwake kabla ya mapambazuko, anafika, anapima, anawasha, kisha anaendelea na ufuko.

Mabomu yalipoanza kusikika mchana, nilimvusha mama yangu mpakani hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, na huko ndiko nilikokuwa asubuhi ile ya shida. Nimesimuliwa na Mama Neema mwenyewe, na baadaye na wengine, na hawakupishana. Risasi zililia barabarani karibu na kwa Moniteri, hakuna aliyeweza kutoka. Kituku kulikuwa na giza katika simu. Akina mama walingoja. Jua likachomoza, maji ya kambini yalikuwa yamekwisha, watoto wanalia. Wengine wakasema giza ni kwa sababu mzee amechelewa tu, si kwa sababu ya mazuku. Msichana mmoja akateremka na kidumu penye kibonde cha mawe kando ya maji, akainama achote, hakuinuka.

Dada yake akataka kumkimbilia. Mama Neema alimshika nguo akamtupa nyuma, maana huyo angekuwa wa pili. Akavuta pumzi nje ya kibonde, akaziba mdomo kama alivyokuwa akiwaona wazamiaji wakifanya, akaingia amesimama wima, akamshika msichana kwapani akamburuta mpaka juu penye upepo. Msichana alitapika, akapumua, yuko hai mpaka leo. Ndipo Mama Neema akakata kidumu, akaweka mshumaa, akausukuma majini kwa mti. Ukasinzia, ukalala. Alijua tangu mwanzo namna ya kufanya. Alikuwa ameona kila siku.

Moniteri alifika adhuhuri, viatu vimejaa tope kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. Mama Neema hakumwamkia.

"Weye peke yako njo mwenye ziwa?" akamwambia mbele ya watu wote. "Buji niko nayo. Kibiriti niko nayo. Macho niko nayo. Kitu sina ni ruhusa yako."

Wanasema alitembea kutoka mtumbwi wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi, akaenda tena, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Jioni simu yangu ililia, na sauti yake ilikuwa inakatika katika.

"Fungua," akasema.

"Nifungue nini, Papa?"

"Mulango ya buji. Kwa Mama Neema. Na kwa batu Mama Neema atafundisha. Na kwa batu bale batafundisha."

"Papa, uliniambia huamini jicho ya..."

"Fungua, mbele ya rezo kufa!"

Nilifungua, nikiogopa kwamba ninakosea na nikiogopa zaidi kuchelewa. Nilipomaliza nikampigia kumwambia tayari. Rezo, yaani mtandao, ilikuwa imekufa. Mji ukaanguka siku zilizofuata, na sikusikia sauti yake tena kwa muda mrefu, na kila asubuhi nilifungua ramani nikakuta giza, nisijue kama ni giza la mazuku, au la mtandao, au la watu waliokufa.

Mpaka ulipofunguliwa nikarudi. Sikupitia hata ofisini. Nilimkuta nyumbani kwake, amekonda, suruali imekunjwa kiunoni, sikio la kushoto halisikii kabisa. Alikuwa bado anaizunguka meza, lakini sasa mkono mmoja ulikuwa unaishika meza ili asianguke. Kompresa yake ya kujazia mitungi hewa ilichukuliwa, na mitungi pia.

"Safari hii sikuzamisha kitu," akasema. "Ujinga moja inatosha mutu."

Mkewe akatuletea chai. Moniteri akaizunguka meza na chai yake, akaniuliza habari za mama yangu, akaniuliza habari za Gisenyi, na nikaona kwamba hayo yote siyo anayotaka kuuliza.

"Kituku," akasema mwisho. "Leo iliwaka?"

Miguu ilikuwa imemzuia kufika huko tangu mji ulipoanguka, na simu yake ilikwenda na kompresa. Nikatoa yangu. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ramani ikajichora polepole, nyeusi, nyeusi, nyeusi, na hapo Kituku pakawa na mshumaa mmoja unaowaka. Chini yake lilikuwepo jina la mwanamke. Halikuwa la Mama Neema.

"Nani huyu?"

"Simujui, Papa."

"Mi pia simujui." Alisimama, ameishika meza. Uso wake ulikuwa wa furaha na wa hofu kwa wakati mmoja, nami nilikuwa hivyo hivyo. "Kesho asubuhi tunaenda. Tuone kama iko kweli."

Nililala kwao. Tuliondoka kukiwa na baridi ya alfajiri, na pikipiki alizikataa zote, ingawa ilimbidi kushika bega langu na kupumzika kila mara, amesimama. Njia nzima alinung'unika. Kama mshumaa uko juu sana haupimi kitu. Kama kidumu ni kirefu, mazuku inapita chini yake. Kama mtu anatazama upesi upesi. Hapo mkono wake ulilibana bega langu, nami nikajua anamwona nani.

Kituku akina mama walikuwa kwenye mstari na vidumu vyao, nyuma ya kamba iliyofungwa kutoka mtumbwi hadi jiwe. Kamba hiyo ilikuwa mpya, sisi hatukuifundisha. Mbele ya kamba, peke yake, alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Lafudhi yake ilikuwa ya Masisi. Alikuwa anasukuma kidumu kilichokatwa chini kabisa, chepesi juu ya maji, mshumaa ndani yake, na macho yake hayakutoka kwenye mwali.

Moniteri aliivuka kamba kama mwenye nyumba.

"Papa, rudia nyuma," yule mwanamke akasema bila kugeuka.

"Mi niko naangalia tu ile..."

"Bote banaangalia. Rudia nyuma ya kamba, ikala chini, ungoje. Sijamaliza kupima."

Damu ilinipanda. Nilifungua kinywa nimwambie yule mwanamke anayemfukuza ni nani, mshumaa ule ni wa nani, kamba ile imewekwa kwa ajili ya kazi ya nani. Moniteri aliinua ngumi. Nikabaki hapo hapo nilipo.

Akarudi nyuma ya kamba, safari hii akaipita kwa kuinama. Akatafuta jiwe, akalipangusa kwa leso, akakaa. Alikaa kabisa, magoti pamoja na mikono juu yake, kati ya kidumu cha njano na mtoto aliyekuwa anasinzia. Mwali ulisimama wima juu ya maji. Yule mwanamke aliutazama, akasogeza kidumu pembeni, akautazama tena, hakuharakishwa na mtu, kisha akatoa simu yake. Mstari wote ukasogea kuelekea ziwani, na Moniteri hakuinuka mpaka alipoambiwa.